Uzi maalumu: Kubuni panga za njozi, na kwa nini nashauri mpini uchorwe kabla ya bapa

MchoraAla (mleta uzi)

Wadau, salaam kwenu.

Kwa miaka kadhaa sasa uraibu wangu wa jioni umekuwa kubuni panga ambazo hazijawahi kufuliwa na mhunzi yeyote: panga za walinzi wa milango ya kuzimu, za malkia wa visiwa vinavyoelea, za majitu yenye jicho moja. Nimejaza madaftari, nikahamia kwenye kompyuta, nikarudi tena kwenye daftari. Nafungua uzi huu kwa sababu naona wengi wanaoanza wanarudia kosa lile lile nililolifanya mimi, nalo ni kuanza na bapa, yaani sehemu ya chuma inayokata. Bapa ndilo linalovuta macho, kwa hiyo penseli hukimbilia huko: linachorwa pana kama mlango, linapewa meno, ndimi za moto na fuvu katikati, kisha pale chini, karatasi inapokaribia kwisha, mpini unabanwa kwenye nafasi iliyobaki.

Upanga wangu wa kwanza niliojivunia ulikuwa wa namna hiyo. Niliupenda kiasi kwamba niliuhamishia kwenye plaiwudi kwa vipimo vyake kamili, nikaukata kwa msumeno na kuupiga msasa siku nzima. Nilipoushika, mambo matatu yalijitokeza kwa mpigo. Vidole vyangu havikuenea kwenye mpini, kile kidogo kikabaki kinaning'inia nje. Ncha mbili za kinga, ambazo nilizikunja kuelekea nyuma ili zifanane na pembe, zilinichoma kigasha kila nilipogeuza kifundo cha mkono. Na mpini wenyewe, kwa kuwa niliuchonga mviringo kamili kama fimbo, ulikuwa ukizunguka kiganjani hata nisiweze kujua makali yanaelekea wapi mpaka niyatazame. Ulikuwa ubao mtupu, hauna uzito wa kutisha, na bado haukushikika.

Kabla sijaendelea, tukubaliane majina, maana kila mmoja huita anavyojua. Mkia ni ile sehemu ya bapa inayoingia ndani ya mpini. Kinga ni kipande kinachokingama kati ya bapa na mpini. Kirungu ni kile kinundu kinachofunga mpini kwa nyuma. Mfuo ni mfereji unaopita juu ya bapa kwa urefu. Wapo wanaodai kuwa umewekwa ili damu itiririke, lakini kazi yake ni kupunguza uzito, au kumwezesha mhunzi kutengeneza bapa pana zaidi kwa chuma kile kile.

Tangu siku ya ule ubao naanza na mkono. Nakunja ngumi juu ya karatasi na kupima upana wake. Ngumi za watu wazima wengi huwa kati ya sentimita 8 na 10, kwa hiyo mpini wa mkono mmoja wenye sentimita 9 au 10 kutoka kwenye kinga hadi kwenye kirungu unashikika vizuri, na wa mikono miwili unahitaji angalau mara mbili ya hapo. Kipimo hicho ndicho ninachokichora kwanza, kisha nakitumia kama kizio cha upanga mzima: bapa ni ngumi ngapi, kinga ni ngumi ngapi, kirungu ni sehemu gani ya ngumi. Faida yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Hata mshikaji akiwa jitu la mita 4, ngumi yake ndiyo inayotawala mchoro, na mtazamaji anahisi ukubwa wa jitu hilo bila wewe kulichora.

Mpini ukikatwa kwa kukingama uwe na umbo la yai, usiwe kama sarafu. Yai lina upande mrefu na upande mfupi, na kiganja husoma tofauti hiyo gizani.

Sasa uzito. Hapa ndipo penseli inapodanganya kwa urahisi zaidi, kwa sababu karatasi haina mizani. Panga za mkono mmoja za Ulaya ya zama za kati kwa kawaida zilikuwa na kilo 1 hadi 1.3, na zile ndefu za mikono miwili zilikuwa kama kilo 1.2 hadi 1.6. Hata zile kubwa mno za karne ya 16 zilizoshikwa na askari wa miguu ziko kati ya kilo 2 na 3.5, zilizozidi hapo kwa kawaida zilikuwa za maandamano, za kubebwa mbele ya mkuu na kutazamwa. Nani alituenezea hadithi ya panga za kilo 15 sijui, lakini bado inatembea.

Chukueni kikokotoo tufanye hesabu pamoja. Pua, yaani chuma kigumu cha kufulia panga, ina takriban gramu 7.85 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Bapa lenye urefu wa sentimita 80, upana wa wastani wa sentimita 4 na unene wa wastani wa milimita 4 lingekuwa na ujazo wa 128 kama lingekuwa kipande cha mstatili. Lakini bapa halisi si la mstatili. Mara nyingi lina umbo la dengu, jembamba pembeni na nene katikati, ambalo hubeba kama theluthi mbili ya ujazo huo. Tunabaki na 85 hivi, yaani gramu 670. Sasa tuuchukue ule mlango wetu: urefu sentimita 120, upana 15, unene 1, wenye umbo la almasi lenye mgongo katikati, ambalo hubeba nusu. Jibu ni kilo 7, na hapo mpini, kinga na kirungu bado havijapimwa.

Picha ya mbele haionyeshi unene, na kwa sababu hiyo wabunifu wengi huusahau. Chora upanga wako kwa ubavu. Bapa halisi linaweza kuanza na milimita 5 au 6 karibu na kinga na kuishia na milimita 2 karibu na ncha, likipungua taratibu njia nzima. Unene ukipungua kwa nusu, uwezo wa bapa wa kukataa kupinda unashuka hadi sehemu moja ya nane, ndiyo maana mhunzi hapunguzi ovyo. Anaacha unene pale panapohitaji nguvu na kuunyima pale panapohitaji wepesi. Mchoro wa ubavu ukikosa mteremko huo, una ubao mkononi, si upanga.

Jaribio langu la mwisho ni la ala, yaani mfuko wa kuhifadhia upanga, na ndilo linaloangusha wengi. Jiulize upanga huu unachomolewaje. Bapa likiwa pana zaidi kuelekea ncha kuliko mdomoni, ala ya kawaida haiwezi kulipokea. Likiwa na miiba inayotazama nyuma, litaingia na halitatoka. Likiwa limepinda, mpindo uwe sehemu ya duara moja. Ukibadilika njiani, ala italazimika kupanuliwa. Waturuki walikutana na tatizo hilo kwenye kilij, ambao umepinda sana na kupanuka karibu na ncha, wakalitatua kwa kuacha mpasuo kwenye mgongo wa ala, karibu na mdomo, ili bapa lipite kwa ubavu. Mpasuo huo una sura nzuri kuliko madoido mengi ninayoyaona. Kuhusu upanga mrefu unaobebwa mgongoni, simama mbele ya kioo, shika rula ndefu, uichomoe kutoka begani. Mkono utaisha kabla ya rula.

Haya yote hayazuii maajabu. Katika hekalu la Isonokami, huko Nara, Japani, umetunzwa upanga wa chuma wenye matawi sita yaliyochomoza pembeni, matatu kila upande, na ncha yake ikihesabiwa kuwa tawi la saba. Una urefu wa sentimita 74.9 na maandishi yaliyopachikwa kwa dhahabu. Angeuchora mmoja wetu leo tungemwambia amezidisha. Lakini ule haukutengenezwa kwa vita. Ni wa heshima, na kila tawi linajieleza kwa sababu hiyo. Kris, jambia la Indonesia, mara nyingi huwa na mawimbi, na mawimbi hayo huhesabiwa na huwa witiri siku zote. Ajabu inakubalika pale inapokuwa na kazi au sheria yake.

Kwa hiyo kanuni ninayojiwekea ni kuruhusu uongo mmoja kwa kila upanga. Upanga wangu unaweza kuwaka moto, au kuwa mwepesi kama unyoya, au kupitisha mwanga kama barafu, lakini mkono unaoushika, ala inayoupokea na njia ulivyoungwa viwe vya kweli. Uongo mmoja uliozungukwa na ukweli huaminika, ila ukiweka saba kwa pamoja hakuna hata mmoja utakaoonekana.

Naomba kuwasilisha. Karibuni mnikosoe.

KalamuNyeusi

Mkuu, nimekusoma mpaka mwisho na nakubaliana na mengi, isipokuwa roho yenyewe ya hoja yako. Tunazungumzia njozi. Mtu ameshakubali kuwa joka lenye uzito wa nyumba linaruka. Kwa nini basi aje akwame kwenye unene wa bapa? Mimi nachora kwa ajili ya michezo ya kompyuta, ambako mhusika anaonekana kwa mbali, akiwa na urefu wa kidole gumba kwenye kioo. Upanga wenye upana wa sentimita 4 hapo unakuwa uzi usioonekana. Tunapanua bapa, tunavimbisha kinga, tunaupa upanga umbo linalosomeka mara moja, na hilo si ujinga wa mbunifu, ni mahitaji ya kazi. Kipimo changu ni kimoja: naujaza upanga wote kwa wino mweusi, naupunguza hadi ukubwa wa ukucha, na nikishindwa kuutofautisha na panga nyingine tano nilizochora wiki hiyo, naufuta.

MchoraAla (mleta uzi)

KalamuNyeusi, jaribio la wino mweusi ni zuri na nakiri sikulitaja ingawa nalitumia. Pia nakubali kuwa umbali unabadilisha vipimo. Lakini angalia panga zako mwenyewe ulizowahi kutuonyesha hapa. Ule unaosifiwa zaidi, wenye bapa la kijani, una upana wa kupindukia, na bado mpini wake ni wa ngumi mbili kamili, kinga haimgusi mshikaji, na mfuo unaanza pale ambapo kinga inaishia. Umetia chumvi jambo moja tu, na mengine ukayaacha yalivyo. Kuhusu joka: msomaji amelikubali kwa sababu hajawahi kuona joka. Mkono ameuona tangu azaliwe, na hapo hadanganyiki.

Fuawe

Naongeza yangu kama mtu anayefua visu kwa kujifurahisha, si kwa biashara. Wabunifu huchora nje ya upanga na kusahau ndani, ilhali panga nyingi huvunjika pale pasipoonekana, yaani bapa linapogeuka kuwa mkia. Kisu changu cha tatu kilivunjika hapo hapo. Nilikata kona mbili za mraba mahali bapa linapokutana na mkia kwa sababu zilionekana nadhifu, nikakipasha moto, nikakizamisha kwenye mafuta, kikatoka salama. Siku ya pili nilikigonga kwenye kipande cha mti, nikasikia mlio mfupi kama wa kijiti kikavu, bapa likaanguka chini na mpini ukabaki mkononi. Nilipotazama mahali palipovunjika, ufa ulikuwa umeanzia kwenye kona, rangi yake nyeusi zaidi kuliko sehemu nyingine, maana ulikuwepo tangu kwenye mafuta.

Somo kwa wachoraji ni hili: kona kali ya ndani hukusanya nguvu zote mahali pamoja. Kila mahali unapochora tundu, jino au pengo kwenye bapa, zungushia kona zake. Jicho la mtu asiyejua uhunzi litaona tu kuwa mchoro umetulia, na mhunzi ataona kuwa aliyeuchora anajua.

Jambo la pili ni kwamba maumbo mengi mazuri yamezaliwa na moto. Mhunzi wa Japani hupaka udongo kwenye bapa kabla ya kulizamisha majini, mzito mgongoni na mwembamba kwenye makali. Makali hupoa haraka, yakawa magumu na kutanuka kidogo. Mgongo hupoa polepole na kubaki laini. Mvutano huo huchangia mpindo wa katana, na mpaka kati ya sehemu ngumu na laini huonekana kama ukungu unaotembea kando ya makali. Ukitaka kubuni panga za taifa fulani la njozi, anza kwa kujiuliza wahunzi wake wanapozesha chuma ndani ya nini. Nguo, lugha na hata miungu yao inaweza kusubiri.

PembeTatu

Salaam wakuu. Mimi ni mgeni katika uraibu huu na nina upanga ninaoomba muuchambue bila huruma. Ni wa mwindaji wa majoka. Bapa lina makali upande mmoja, urefu wa sentimita 110, upana wa 12 karibu na kinga na 18 kuelekea ncha, unene wa milimita 6 mgongoni. Nimeweka matundu matatu ya mviringo yenye kipenyo cha sentimita 5 ili kuupunguzia uzito. Mpini ni wa mikono miwili, sentimita 25. Kirungu ni jiwe jekundu kubwa, ambalo nilikusudia lisawazishe bapa. Anaubeba mgongoni.

MchoraAla (mleta uzi)

Karibu sana, PembeTatu, na ahsante kwa kuja na vipimo. Wengi huja na picha tu na kuuliza kama imependeza.

Tuanze na mizani. Upana wako wa wastani ni sentimita 15, na bapa la makali upande mmoja hukatwa kama kabari, ambayo hubeba nusu ya mstatili. Zidisha 110 kwa 15 kwa 0.6, gawanya kwa 2, unapata 495, sawa na kilo 3.9 za pua. Sasa hayo matundu. Yote matatu kwa pamoja yana eneo la sentimita za mraba 59, na nikichukulia unene wa milimita 4 mahali yalipo, yanaondoa gramu 185 tu. Umetoboa bapa mara tatu na hukupunguza hata robo ya kilo. Ukiyaziba matundu na kuushusha unene kutoka milimita 6 hadi 4, utaondoa kilo 1.3, wala umbo la mbele halitabadilika kwa unywele. Kama unayapenda matundu, yabakize kwa sababu unayapenda, na umtafutie mwindaji sababu yake: labda hupitisha kamba humo, labda yanapiga mluzi upanga unapopungwa na majoka yamejifunza kuuogopa mluzi huo.

Jiwe jekundu halitasawazisha chochote. Kwa bapa zito kiasi hicho, tena linalopanuka kuelekea mbele, kirungu cha nusu kilo kitaacha kitovu cha uzito zaidi ya sentimita 40 mbele ya kinga. Panga nyingi za kale za mkono mmoja ziko kwenye sentimita 8 hadi 13. Huo wako ni shoka lililonyooshwa. Wala si vibaya, mwindaji wa majoka anaweza kuhitaji shoka, ila basi mwache aushike kama shoka: refusha mpini hadi sentimita 40, na mbele ya kinga, juu ya bapa lenyewe, acha sehemu isiyo na makali ambapo mkono wa mbele unaweza kusogea. Panga kubwa za Ujerumani za karne ya 16 zilikuwa na sehemu kama hiyo, nyingine ikifunikwa kwa ngozi, na mbele yake pembe mbili ndogo za kuukinga mkono uliosogea.

Kuhusu mgongoni, umeshajua nitakachosema. Bapa la sentimita 18 mbele na 12 nyuma halina ala. Mpe ndoano mbili na mkanda wa ngozi, aunyanyue upanga kwa ubavu na kuutoa. Chora ndoano hizo kwa makini kuliko hilo jiwe.

NyotaKuu

Uzi mzuri. Naomba tuguse madini, maana huko ndiko njozi nyingi zinakokimbilia: upanga wa dhahabu, wa kioo, wa nyota iliyoanguka. Wa dhahabu tuumalize haraka: dhahabu ni laini, na uzito wake ni karibu mara mbili na nusu ya pua, kwa hiyo upanga wa kilo 1.2 unakuwa wa kilo 3 na makali yake hayakai. Ni wa kiti cha enzi, basi.

Wa kioo si upuuzi kabisa. Waazteki walikuwa na macuahuitl, gongo la mti lililopachikwa vipande vikali vya obsidiani, yaani kioo cha volkano, kwenye kingo zake zote mbili. Mti ndio uliobeba nguvu na obsidiani ikabeba makali. Kipande kikivunjika, kingine huweza kupachikwa. Inasemekana mmoja wa asili ulibaki hadi mwaka 1884, ulipoteketea kwenye moto wa ghala la silaha la kifalme la Madrid. Anayetaka upanga wa kioo ajifunze hapo: kioo kisibebe mzigo, kibebe ukali tu.

Ama nyota iliyoanguka, hiyo ni kweli tupu. Kati ya vitu alivyozikwa navyo Tutankhamun, farao wa Misri, kulikuwa na jambia la chuma, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulithibitisha kuwa chuma hicho kilitoka kwenye kimondo, kutokana na kiwango chake cha nikeli na kobalti. Tazameni lilivyobuniwa: bapa la chuma ni sahili kabisa, halina nakshi, ilhali mpini na ala ni vya dhahabu. Waliomiliki chuma adimu kuliko dhahabu walikiacha kijionyeshe kilivyo. Sisi tungekijaza alama za kichawi zinazowaka buluu.

KalamuNyeusi

NyotaKuu, hilo la mwisho limenigusa, kwa sababu alama za buluu ni dhambi yangu ya kila wiki. Naongeza mfano mwingine wa kujizuia: upanga wa shaba nyeusi wa Goujian, mfalme wa Yue, uliochimbuliwa Hubei, China, mwaka 1965. Una sentimita 55.7 tu. Bapa lote limefunikwa kwa mistari myeusi inayokatana na kufanya almasi ndogondogo, na maandishi manane karibu na kinga. Hakuna fuvu, hakuna bawa. Niliuchora upya mara nne nikijaribu kuuboresha, na kila nilichoongeza kilionekana kama uchafu uliodondokea juu yake.

UziNaSindano

Naomba msaada wa vitendo. Ninashona mavazi ya wahusika, na sasa nataka upanga wa kushika kwenye maonyesho ya mavazi. Nianze na programu gani, na niutengeneze kwa kitu gani?

MchoraAla (mleta uzi)

Kwa mchoro bapa, Inkscape inatosha na ni ya bure. Chora nusu moja ya upanga, kisha iakisi, maana jicho halisamehe kinga ambayo bawa lake moja limezidi jingine kwa milimita mbili. Ukitaka kuuzungusha na kuutazama pande zote, tumia Blender, nayo ni bure, ila itakula wiki zako za mwanzo. Kabla ya hizo zote, kata upanga kwa kadibodi kwa ukubwa kamili na uubandike ukutani kwa siku mbili. Makosa ambayo kompyuta iliyaficha kwa sababu unaweza kukuza na kupunguza picha, ukuta utayaanika.

Kwa upanga wa maonyesho, povu la EVA (sponji nyepesi ya plastiki) la milimita 10 kwa bapa na milimita 5 kwa madoido ndiyo njia ya kawaida. Weka uti wa bomba la plastiki katikati, uanzie ndani ya mpini na kufika karibu na ncha, la sivyo bapa litalegea kama ulimi. Pitisha hewa ya moto juu ya povu kabla ya kupaka rangi ili vitundu vyake vizibe. Vaa barakoa unapopiga msasa, na gundi uitumie dirisha likiwa wazi.

Na kwa kuwa wewe ni mshonaji, mpini wako utatushinda wote. Usiupake rangi ya kahawia. Uvishe ngozi ya kweli au kitambaa kizito, uzungushie uzi juu yake, kisha ujiulize mhusika huushika wapi. Pale kidole gumba kinapobana, ngozi iwe nyeusi na laini kwa jasho. Chini ya kinga, ambako vidole havifiki, ibaki na rangi yake ya mwanzo. Kwenye bapa, karibu na kinga, weka mikwaruzo myembamba inayokwenda kwa urefu, yote upande mmoja, pale mdomo wa ala unapolisugua kila linapotoka. Mikwaruzo ikitapakaa kila upande, upanga huo umeburuzwa barabarani.

PembeTatu

Nimerudi. Unene sasa ni milimita 4, mpini sentimita 38, sehemu isiyo na makali sentimita 15 mbele ya kinga, imevishwa ngozi. Jiwe nimeliondoa. Nimebakiza tundu moja, karibu na ncha, na mwindaji hufungia humo kitambaa chekundu ili joka lifuate kitambaa badala ya uso wake. Kona za tundu ni mviringo tayari, kwa hiyo Fuawe asinigombeze. Ndoano nimezichora mara sita na bado sijui ya chini ifungukie upande gani.

Fuawe

Ifungukie mbele, juu kidogo ya nyonga. Ya juu ifungukie upande wa mkono anaotumia. Akivuta mpini kuelekea begani, ya chini inaachia kwanza, halafu bapa linazunguka na kutoka. Jaribu kwa kadibodi na kamba kabla hujachora mara ya saba. Kitambaa kifungwe kwa fundo linaloweza kufunguka, maana siku kitakaponasa kwenye jino la joka, mwindaji atataka kubaki na upanga wake.